Mihogo ya Ukurasa wa Kumi na Tisa

Marahaba. Naitanguliza kabisa, maana najua wengi wenu mtasoma haya mkiwa mmelala chali na simu mkononi, na mtu aliyelala chali hakumbuki kuwaamkia wazee.

Mimi ni Mwalimu Bundala. Kwa miaka mingi nilifundisha mapishi na lishe katika chuo kimoja cha wananchi huku Bukombe, mpaka nilipostaafu na kuagwa kwa pilau ambayo, nasema kwa uchungu, haikuiva katikati. Ilipikwa na wanafunzi wangu mwenyewe. Nilimaliza sahani yangu nikitabasamu, kisha nyumbani nikanywa maji ya tangawizi. Sasa wanafunzi wa leo wa chuo kile wanakusanya mapishi ya nyumbani ili watoe kitabu, na wameniomba niwaandikie kuhusu mapishi niliyoyapenda na vitabu nilivyovitumia. Nitafanya hivyo. Ila kuna pishi moja ambalo sitaki mlisome bila kujua lilichofanya, na nikilifikia mtanivumilia, kwa sababu bado linaniuma.

Nianze na kitabu changu cha kwanza. Sikukinunua, nilikikuta kabatini siku niliyoripoti kazini. Kilikuwa kikubwa, jalada gumu, kimeandikwa na mtu wa pwani aliyejua sana kupika, na kila ukurasa wake ulikuwa ama na nazi ama na oveni. Nazi iliyokunwa, tui zito, tui jepesi. Oveni ya moto wa wastani. Mimi nilikuwa kijana, nimetoka mafunzoni kichwa kimevimba, nikaona hicho ndicho kitabu. Somo langu la kwanza likawa keki.

Darasani walikuwa akina mama ishirini hivi kutoka vijiji vya jirani, wengine na watoto mgongoni. Niliwasomea: washa oveni mapema. Mama mmoja akanyoosha mkono kwa heshima zote. "Mwalimu, sisi tuna mafiga matatu. Tuwashe lipi?" Nikajitia hamnazo nikaendelea kusoma. Ile keki tuliipika kwa makaa chini na makaa juu ya mfuniko wa sufuria, ikaungua nje, ndani ikabaki uji. Mpishi mkuu wa chuo, mama wa Kisumbwa aliyeitwa Bi Nyamizi, alikuja akaitazama, akachota ile ya katikati kwa kijiko, akalamba. "Uji mtamu, mwanangu," akasema. "Kesho njoo jikoni kwangu uanze darasa la kwanza."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kujifunza kazi niliyokuwa nimeshaajiriwa kuifanya.

Mjue pia kwamba mwanaume kufundisha mapishi huku kwetu haikuwa jambo dogo. Kaka zangu walikuwa na ng'ombe, na kila nikirudi nyumbani likizo walinipokea kwa kuniuliza kama nimekuja na mwiko wangu. Baba alitaka kujua kama chuo kizima kilikosa kazi nyingine ya kunipa. Siku moja nikampikia sato aliyetoka Nkome, kule ziwani, mbichi kabisa, kwa nyanya na bamia, moto mdogo, bila kumkorogakoroga. Baba alilivuta tu bakuli likamkaribia yeye, likawa mbali na kaka zangu. Tangu siku hiyo hakuniuliza tena.

Bi Nyamizi hakujua kusoma sana, na hakuwa na haja. Kila kitu kilikuwa mkononi mwake. Nilipotaka kuandika mapishi yake, nilimuuliza chumvi kiasi gani. "Kiasi," akasema. Maji je? "Ya kutosha." Mpaka lini? "Mpaka iive." Niliona nitajaza daftari zima maneno matatu. Basi nikachukua mizani ya maabara ya chuo, nikawa kila akichota chumvi namwomba aimwage kwanza kwenye mizani. Alivumilia siku mbili. Siku ya tatu akaniambia, "Mwanangu, nipime na mimi mwenyewe kabisa, uandike mpishi ni kilo ngapi."

Niliacha mizani, nikaanza kutazama. Hapo ndipo nikaona mambo ambayo asingeniambia hata ningemuuliza mwaka mzima, kwa sababu yeye mwenyewe hakujua kwamba anayafanya. Dagaa, kwa mfano. Wale wa Nkome waliokaushwa mchangani wana mchanga wao, na mpishi mvivu anamtafunisha mtu ufuko wa ziwa. Bi Nyamizi aliwatoa vichwa, akawaosha kwa maji ya uvuguvugu mara tatu, kila mara akiwainua kwa vidole badala ya kumwaga maji, ili mchanga ubaki chini ya beseni. Kisha aliwakaanga bila mafuta kwanza. Alikuwa anasikiliza. Dagaa wakianza kulia kama majani makavu yanayokanyagwa, ndipo aliweka mafuta, kitunguu na nyanya. Nilipomuuliza kwa nini anainamisha sikio, alishangaa. "Nainamisha?"

Hilo liandikeni mahali. Mpishi mzuri hajui nusu ya anayoyajua. Ukimuuliza bila kumtazama, utapata ile nusu nyingine peke yake.

Ni Bi Nyamizi pia aliyenifundisha kuponya kile kitabu cha pwani. Nazi huku ilikuwa inakuja kwa nadra, imesafiri siku nyingi, na ukiipasua, mara nyingi unakuta imeoza. Yeye aliweka karanga. Karanga zilizokaangwa kidogo, zikatwangwa laini, zikakorogwa kwenye maji ya moto mpaka zikawa kama maziwa mazito. Mlenda kwa karanga, mgagani kwa karanga, na nsansa, yaani yale majani ya kunde tunayoyakausha kwa ajili ya kiangazi, nazo kwa karanga. Nikawa nachukua mapishi ya kitabuni moja baada ya jingine, nafuta nazi, naandika karanga. Najua sasa kwamba kufuta nazi ilikuwa rahisi kwa sababu niliiona. Kulikuwa na mambo mengine kwenye kitabu kile ambayo sikuyaona.

Miaka ikapita. Madarasa yakabadilika. Machimbo ya dhahabu upande wa Geita na Mbogwe yalivuta watu kutoka kila pembe ya nchi, na Masumbwe na Runzewe zikajaa wageni: Wachaga, Wahaya, watu wa Tanga, watu wa Mbeya. Mwanaume anashuka kwenye duara, lile shimo la kuchimbia, mkewe anabaki kwenye nyumba ya mama mkwe asiyemjua, anapika vyakula asivyovijua. Wake kama hao wakaanza kuja darasani, na wote walitaka kitu cha kwenda nacho nyumbani. Nikaona wakati umefika. Nikakusanya mapishi arobaini, nikayachapa kwenye kompyuta ya chuo, tukatoa nakala na kuzibana pini. Jalada lilikuwa manila ya kijani. Juu yake nikaandika jina langu kwa herufi nono.

Sijui mwandishi mwingine yeyote aliyewahi kufurahi kama nilivyofurahi mimi na ile manila. Nilitembea nayo kwapani hata nikienda dukani.

Pishi la kumi na tisa, ukurasa wa kumi na tisa, lilikuwa mihogo kwa karanga. Nalikumbuka kwa moyo. "Chimba mihogo mibichi mitano au sita mikubwa. Menya, osha, kata vipande. Chemsha kwa maji na chumvi kwa robo saa au mpaka ilainike. Mwaga maji, tia karanga zilizotwangwa, kitunguu na pilipili hoho. Acha ichemke kidogo. Andaa ikiwa ya moto."

Yeyote aliyezaliwa huku ameshaona tatizo. Wengine subirini.

Kuna mihogo mitamu na mihogo michungu. Ile michungu ina sumu. Haiondoki kwa kuchemsha robo saa, na msidanganyike kwamba mkiongeza saa nzima itaondoka. Watu wetu huipanda kwa makusudi, kwa sababu inazaa sana, inavumilia ukame, na ngiri na wezi wanaiogopa. Kwa hiyo mitamu hupandwa karibu na nyumba, michungu hupandwa mbali, pembezoni mwa shamba. Ile ya karibu unachemsha na kula. Ile ya mbali unaifanya udaga: unaimenya, unailoweka siku tatu, nne, au zaidi wakati wa baridi, mpaka ilainike kabisa na kuvunjika mkononi, unaiosha, unaivunjavunja, unaianika juani mpaka ikauke kabisa, ndipo inatwangwa au kupelekwa mashineni kwa ajili ya ugali. Wengine huivundika, yaani huirundika na kuifunika mpaka ivunde, badala ya kuiloweka. Njia ni mbili, lakini hakuna asiye na njia. Na kwa macho huwezi kuitofautisha. Mkiwa na shaka, muulizeni aliyeipanda. Kama hayupo, ihesabuni kuwa ni michungu, na msiichemshe.

Haya yote hatukuwahi kufundishwa. Mtoto wa miaka sita huku anajua aende upande gani wa shamba, kama anavyojua mlango wa nyumba yao. Mwandishi wa pwani hakuyaandika kwa sababu kwake mihogo ni mitamu, watu wanaila hata mibichi. Mimi sikuyaandika kwa sababu haikunijia kwamba yupo mtu asiyeyajua. Nilibadilisha nazi ya watu, mihogo yao nikaiacha kama ilivyo.

Nakala moja ilifika Runzewe, kwa binti mmoja wa Tanga aliyeitwa Mwanaidi. Aliolewa na kijana wa pale, Shija, mchimbaji, na mwaka huo tu ndipo akaletwa kuishi kwa mama mkwe wake, Mama Shija. Alikuwa na watoto wawili: Kabula, wa miaka mitano, na Hamisi, aliyekuwa bado ananyonya. Hakuwahi kukaa darasani kwangu. Kitabu alipewa na jirani aliyekuwa mwanafunzi wangu.

Wiki moja Mama Shija alikwenda Masumbwe kumwangalia binti yake aliyejifungua. Shija alikuwa machimboni. Mwanaidi akabaki peke yake na shamba. Mchana mmoja akafungua ukurasa wa kumi na tisa, akachukua jembe, akaenda mpaka pembezoni, kwa sababu nilikuwa nimeandika mikubwa, na mikubwa ilikuwa huko. Akapika neno kwa neno. Kabula alikula sana, kwani alipenda karanga. Hamisi alionja. Yeye mwenyewe alikuwa amefunga siku hiyo.

Haikupita muda mrefu Kabula akaanza kutapika, akasema kichwa kinazunguka, kisha miguu ikamwisha nguvu. Hamisi naye akatapika. Mwanaidi alipiga yowe majirani wakaja na pikipiki, watoto wakafikishwa kituo cha afya. Walipona wote wawili, namshukuru Mungu kila nikilikumbuka hilo, lakini Kabula alikaa kituoni siku tatu.

Mama Shija aliporudi hakutaka kusikia kitu. Mkwe amewalisha wajukuu wake sumu siku ambayo yeye hayupo, na mwenyewe hakula hata kipande. Hilo la kutokula ndilo lililommaliza. Alisema binti arudishwe kwao Tanga, na watoto wabaki. Mwanaidi akatoa kitabu kuonyesha kwamba alifuata maandishi. Mzee Luhende, baba mkubwa wa Shija, akakipokea, akatazama jalada, akaona jina langu. Akasema, "Mwalimu Bundala ni mtu wa hapa hapa. Hawezi kuandika watu wale mihogo michungu." Na kwa sababu watu waliniheshimu, hakuna aliyefungua ndani. Jina langu zuri ndilo lililomhukumu yule binti. Kikao cha ukoo kikapangwa wiki inayofuata.

Habari hizi aliniletea yule mwanafunzi wangu aliyempa Mwanaidi kitabu. Aliniambia nikiwa stoo nahesabu sahani. Nataka kuwaambia ukweli kuhusu nilichofanya, kwa kuwa ni rahisi kwa mzee kuandika kwamba aliruka juu ya pikipiki papo hapo. Sikuruka. Nilicheka. Nilisema, "Mtu mzima, ana watoto wawili, hajui mihogo michungu?" Nikarudi kwenye sahani zangu.

Siku tano nilipiga kimya. Nilijiambia kosa si langu, angeuliza. Nilijiambia kitabu hakiwezi kuandika kila kitu, kisije kikaanza na namna ya kuokota kuni. Nilijiambia nikienda kule nitakivunjia chuo heshima. Usiku sikulala vizuri, lakini mchana nilikuwa na hoja nyingi sana.

Bi Nyamizi alikuwa ameshazeeka wakati huo, anakaa kwa mwanawe karibu na chuo. Nilikwenda kumsalimia nikiwa na matumaini kwamba atanipa haki yangu. Nikamsimulia kila kitu na nikaongeza zile hoja zangu. Alikuwa anapembua mtama kwenye ungo. Hakuacha.

"Kitabu ulimwandikia nani?" akaniuliza.

"Watu wanaojifunza kupika, mama."

"Mimi ulinipa kimoja. Nimekipikia nini?"

Nikaanza kutafuta kichwani.

"Sikupika chochote. Yote yaliyomo nilikuwa nayajua, mengi uliyachukua kwangu. Anayekihitaji ni yule asiyejua, na huyo ndiye uliyemficha." Akapuliza makapi. "Nenda Runzewe."

"Twende wote, mama. Wewe wanakusikiliza zaidi."

Hapo ndipo aliponitazama. "Mimi? Jina langu halimo kwenye jalada."

Aliyasema bila hasira yoyote, na ndiyo maana yaliniingia. Miaka yote ile nilikuwa nimekula mkononi mwake, nimeandika kutoka mkononi mwake, na haikunijia hata mara moja kumwandika. Niliona haya mpaka masikio yakawa ya moto. Katika toleo la pili jina lake lilitangulia langu, lakini alikuwa ameshafariki lilipotoka. Hilo nalo sijalimaliza moyoni.

Kuhusu toleo la kwanza, niliwatafuta wenye nakala kwa miguu, kwa baiskeli na kwa barua za mkono, nikabandika karatasi ya onyo kwenye ukurasa wa kumi na tisa. Nyingi nilizipata. Chache sikuzipata. Mkikuta popote kitabu kidogo cha manila ya kijani, ukurasa huo hauna karatasi iliyobandikwa, tafadhali uchaneni. Mwandishi mwenyewe amewaruhusu.

Sasa kikao.

Nilifika Runzewe saa nane mchana. Watu walikuwa wameketi uani kwa Mzee Luhende, wanaume kwenye viti na vigoda, wanawake kwenye mikeka. Mama Shija alikuwa katikati ya wanawake, Hamisi amefungwa mgongoni mwake kwa kitenge, Kabula ameegemea goti lake, mashavu yamemwisha. Shija alikuwa anatazama miguu yake, tope la machimboni bado liko kwenye kucha. Mwanaidi alikaa peke yake karibu na pipa la maji, na begi lake limeshafungwa.

Niliwaamkia wazee. Mzee Luhende aliinuka akanipisha kiti chake, na uso wake ukang'aa. "Wabeja, Mwalimu, wabeja sana kwa kuja. Huyu binti amekusingizia kitabu chako. Mwambie mwenyewe asikie."

Niliomba kitabu. Kilikuwa na alama za mafuta ya karanga kwenye ukurasa wenyewe. Nilisimama nikausoma wote kwa sauti, kuanzia chimba mpaka ikiwa ya moto.

"Ndivyo nilivyoandika," nikasema. "Mmesikia mahali niliposema ni mihogo ipi?"

Nikauinua ukurasa wauone.

"Sikusema. Nikaandika tena mikubwa, na mikubwa yenu iko pembezoni. Binti huyu hakuongeza wala hakupunguza neno. Angekuwa mzembe akaacha kunifuata, watoto wasingeugua. Waliolishwa sumu nimewalisha mimi."

"Lakini, Mwalimu," Mzee Luhende akasema taratibu, kama mtu anayejaribu kuniokoa, "hayo si kila mtu anayajua?"

"Kila mtu wa hapa, mzee."

Mama Shija akanigeukia. Alikuwa mwanamke mwembamba, macho makali. "Kwa hiyo ni wewe uliyetaka kuniulia wajukuu."

"Sikutaka, mama. Lakini ni mimi."

"Na ulisomea."

"Nilisomea."

Aliniambia mengi hapo, kwa Kiswahili kwanza na Kiswahili kilipomwishia kwa Kisukuma, na sitayaandika yote kwa kuwa baadhi yenu ni wadogo. Niliyapokea nimesimama. Nilitegemea yakiisha, kikao kitakuwa kimekwisha. Hakikuisha. Alipumua, akamgeukia mkwewe.

"Na wewe. Haya, kitabu kimekosea. Majirani wako pale, huoni moshi wao? Kwa nini hukumuuliza mtu?"

Mwanaidi alinyanyua uso, na akajibu kwa adabu, kwa kile Kiswahili chake cha Tanga kilichonyooka.

"Niliuliza, mama. Mwezi nilioletwa hapa niliuliza ugali wa udaga unasongwaje. Mlicheka, mkaita watu waje waone ninavyoshika mwiko. Nikauliza nsansa zinalowekwa muda gani, wifi akaniigiza mbele ya wageni, mkacheka tena. Sikukasirika. Niliacha tu kuuliza." Akakitazama kitabu mkononi mwangu. "Kitabu hakicheki."

Kuku walikuwa wanapekua chini ya mkeka, na ndio pekee waliokuwa na la kufanya. Wanawake waliinamisha vichwa mmoja mmoja. Nami nikainamisha changu, maana yule binti hakujua kwamba hata mwenye kitabu alicheka, stoo, katikati ya sahani.

Mama Shija akainuka kwa kujisukuma na mikono, akavuka mikeka ya watu mpaka kwenye pipa la maji. Akafungua fundo la kitenge kifuani, akamzungusha Hamisi kutoka mgongoni, akamweka mapajani mwa mama yake.

"Mnyonyeshe," akasema. "Asubuhi twende shambani, mimi na wewe. Uniulize yote. Nikicheka, nirudishe mimi kwetu."

Shija akasimama, akachukua lile begi, akaingia nalo ndani.

Basi, vijana wangu, kitabu chenu kikikamilika, kabla hakijaenda kuchapwa, mtafuteni mke mgeni kijijini, yule ambaye watu wanamcheka kwa namna anavyoshika mwiko. Mwombeni apike kwa kukifuata, ukurasa kwa ukurasa. Ninyi kaeni naye jikoni na kalamu, midomo mmeifunga, na kila mahali atakaposita, andikeni.